Nani Amebadilisha Nenosiri?

Kila Jumapili, baada ya chai ya asubuhi, Mama Vifungo aliondoa mkasi, chaki na utepe wa kupimia kwenye meza yake ya kukatia vitambaa. Aliifuta meza. Halafu aliifunua kompyuta yake ndogo, ambayo siku zote aliifunika kwa kipande cha pazia ili nyuzi zisiingie ndani. Mama mkwe wake alivuta kiti, akasogea karibu kabisa, kana kwamba kompyuta ile ni jiko na nje kuna baridi.

"Haya," mama mkwe alisema. "Tumsikie mwanangu."

Mama Vifungo alikuwa mshonaji. Watu walimpa jina hilo kwa sababu hakutupa kifungo hata kimoja. Alikuwa na mikebe kumi na minne ya vifungo. Mumewe alikuwa mchimba visima. Aliendesha mtambo wa kutoboa ardhi. Kampuni ilimhamisha kutoka kambi hadi kambi, na kambi zote zilikuwa mbali, mahali simu isiposhika mtandao. Alirudi nyumbani mara moja kwa mwaka, kwa wiki tatu, halafu akaondoka tena. Jumamosi tu, gari la kampuni liliwapeleka wafanyakazi mjini. Huko kulikuwa na ofisi, na ofisini kulikuwa na kompyuta.

Kwa nini hawakupigiana simu? Walipigiana. Lakini mtu yule akishika simu alikuwa kama ameshonwa mdomo.

"Hujambo?"

"Sijambo."

"Kazi?"

"Ipo."

"Unakula lakini?"

"Nakula."

Halafu kimya, mpaka muda wa simu ukaisha. Akiandika, alikuwa mtu mwingine. Alieleza jinsi jiwe linavyolia chini ya mtambo. Alieleza jinsi maji yanavyopanda, matope kwanza, kisha maji safi. Alieleza kwamba asubuhi fulani aliamka akidhani amesikia cherehani, akatoka nje ya hema kuitafuta.

Barua zao waliziandika kwa mtindo wao wenyewe. Miaka saba iliyopita, karani mmoja aliwafungulia sanduku la barua pepe, moja kwa wote wawili. Hakuwafundisha kutuma, kwa hiyo hawakutuma. Mume aliandika, akaiacha barua kwenye rasimu, yaani pale zinapokaa barua ambazo hazijaondoka. Mke alifungua sanduku lilelile kwa nenosiri lilelile, akasoma, akaandika chini yake. Wiki iliyofuata mume aliandika chini ya maneno ya mke. Ikawa barua moja, ndefu, ya miaka saba. Ndani yake kulikuwa na maziko ya baba mkwe. Kulikuwa na mtoto wao aliyefariki kabla hajapewa jina. Mambo hayo mume na mke hawakuwahi kuyasema kwa mdomo. Yalikuwa mle tu.

Jumapili hii, Mama Vifungo aliandika anwani ya huduma ya barua. Skrini ilipepesa, ikawa nyeupe, kisha ukaja ukurasa wa kuingia. Rangi zilikuwa zilezile. Picha ya bahasha ilikuwa ileile. Aliandika nenosiri. Chini yake yakatokea maandishi mekundu: Nenosiri si sahihi.

Aliandika tena, polepole, kidole kimoja kimoja. Ikawa vilevile.

"Umesahau?" mama mkwe aliuliza.

"Miaka saba, Mama. Nitasahau leo?"

Akajaribu nenosiri la simu yake. Akajaribu la kikundi cha washonaji. Akajaribu lile la duka analoagizia vitambaa. Yote yalikataliwa. Akaondoa mikono kwenye kompyuta, akaiweka mapajani.

"Amefunga," alisema.

"Nani?"

"Mwanao. Nenosiri tunalijua wawili tu. Mimi sikulibadilisha."

Mama mkwe alimgeukia. "Mwanangu alijifunza kufunga kamba za viatu akiwa na miaka tisa," alisema. "Leo ndiyo awe fundi wa kufunga kompyuta?"

Mama Vifungo hakucheka. Aliirudishia kompyuta pazia lake.

Siku zilizofuata alifanya kazi huku akili yake haipo. Jambo alilokuwa akiliogopa hakulitaja, hata kwa mama mkwe. Mtu akikaa mbali miaka saba, mengi yanawezekana. Mtu anaweza kuchoka kuandika. Anaweza kupata wa kumsomea huko aliko. Mama Vifungo alishika simu mara mbili ampigie, akajua hatapatikana, na moyoni akashukuru kwamba hatapatikana. Akiwa na la kusema, aseme mwenyewe.

Alhamisi alikuja Bisibisi kuchukua koti lake la kazi. Bisibisi alikuwa fundi wa simu na kompyuta, mwanamke mwembamba, kibanda chake kilikuwa mlango wa tatu kutoka hapo. Alilivaa koti, akatia mkono kifuani, akasimama.

"Dada, mfuko huu mdomo uko chini. Vifaa vyangu vitaingia vipi, kwa kuruka?"

Mama Vifungo aliangalia. Kweli, mfuko alikuwa ameushona juu chini. Miaka kumi na tisa ya kazi hakuwahi kufanya hivyo.

"Nipe nifumue," alisema.

"Usifumue kitu," mama mkwe alisema kutoka kwenye kiti chake. "Kwanza mwambie kilichokusibu. Kompyuta imemkataa tangu Jumapili, naye anadhani ni mume aliyemkataa."

"Mama."

"Mama nini? Nimesema uongo?"

Bisibisi alivua koti, akavuta kigoda. "Nionyeshe," alisema. "Andika anwani kama unavyoandika siku zote. Ila ukurasa ukija, nenosiri usiliweke. Hata herufi moja."

Mama Vifungo akaandika. Skrini ikapepesa, ikawa nyeupe, ukaja ukurasa wenye bahasha.

"Huko kupepesa kulianza lini?"

"Wiki mbili hivi. Nilidhani mtandao ni mzito. Mwanzoni nikiweka nenosiri, ilipepesa tena, ndipo sanduku likafunguka. Jumapili ikakataa kabisa."

"Sasa angalia juu, pale penye anwani. Nisomee herufi kwa herufi."

Mama Vifungo alisoma. Mwanzoni kulikuwa na jina la huduma yao ya barua. Lakini jina halikuishia hapo. Kulikuwa na nukta, kisha neno refu lisilo na maana, kisha nukta nyingine na herufi asizozijua.

"Hili neno refu sijawahi kuliona," alisema.

"Ndilo jina la mwenye ukurasa. Usidanganywe na lile la mwanzo, lile amelibandika tu. Jina la mwenyewe hukaa mwishoni, kabla ya mstari wa mshazari wa kwanza. Hapa si kwenye barua zenu, dada. Huu ni ukurasa wa mwizi, umechorwa ufanane."

"Lakini kuna kufuli dogo pale. Niliambiwa kukiwa na kufuli ni salama."

"Kufuli linasema mtu wa njiani hawezi kusikiliza mnachozungumza. Halisemi unazungumza na nani. Hata mwizi anaweka kufuli." Bisibisi aligeuza kigoda. "Wewe ukiletewa shati la bandia, lebo ni ileile na rangi ni ileile, unalijuaje?"

"Naligeuza. Naangalia mshono wa ndani."

"Anwani ndiyo mshono wa ndani. Sura ya ukurasa mtu yeyote anaichora."

Mama Vifungo akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi Jumapili nilijaribu manenosiri yangu yote hapa."

"Yote?"

"Manne."

"Basi umemkabidhi funguo zote za nyumba, mmoja mmoja, na yeye akikwambia huu sio, lete mwingine." Bisibisi alisema hivyo bila kumcheka. "Ndivyo wanavyofanya. Tunaweza kuzibadilisha. Ila si kwenye kompyuta hii, ina mdudu bado. Twende kwangu."

Walikwenda wote watatu, mama mkwe mbele. Kibanda cha Bisibisi kilikuwa na meza moja, taa moja na simu nyingi zilizofunguliwa matumbo. Bisibisi aliwasha kompyuta yake, akaandika anwani ya huduma ya barua. Haikupepesa. Anwani ilikuwa fupi, safi, bila neno refu.

"Hapa ndipo penyewe. Andika nenosiri lenu la zamani."

Mama Vifungo aliandika. Ukurasa ukajibu: Nenosiri lako lilibadilishwa Ijumaa.

Aliyasoma maneno yale mara mbili. "Unaona," alisema. "Limebadilishwa. Ni yeye."

"Ijumaa," Bisibisi alisema. "Ijumaa mumeo huwa wapi?"

"Kambini."

"Kuna mtandao huko?"

"Hakuna. Hata ukipanda juu ya mtambo hakuna. Mpaka Jumamosi wakienda—" Mama Vifungo akanyamaza.

"Malizia," mama mkwe alisema.

"Mpaka Jumamosi wakienda mjini."

"Basi si yeye," Bisibisi alisema.

Mama Vifungo alishika ukingo wa meza. Siku nne alikuwa amejizuia. Sasa machozi yalimtoka, naye akayafuta kwa kipande cha kitambaa kilichobaki mfukoni mwake, chenye alama za chaki, akajipaka chaki usoni.

Lakini furaha haikukaa. "Kumbe ni mwizi aliye ndani," alisema. "Ameisoma barua yetu? Ameifuta?"

"Sijui. Wengi wao hawana haja na mambo ya ndani ya watu. Wanataka sanduku, walitumie kudanganyia wengine kwa jina lako. Lakini siwezi kukuahidi."

Bisibisi alibonyeza mahali palipoandikwa Umesahau nenosiri. Ukurasa ukasema utatuma namba sita kwenye simu iliyoandikishwa, na ukaonyesha tarakimu mbili za mwisho za simu hiyo. Ilikuwa simu ya mume.

"Mwizi huenda ameshaweka simu yake mwenyewe," Bisibisi alisema, "lakini huduma hii huikubali ya zamani kwa siku chache baada ya mabadiliko. Jumamosi hii bado tumo, nafikiri. Jumamosi ya pili, sidhani."

"Simu yake hushika saa nne, wakifika mjini."

"Saa nne tutakuwa hapa. Namba hizo hufa baada ya dakika chache, kwa hiyo unampigia kwanza, akiwa hewani ndipo mimi naziomba."

"Na si tumeambiwa namba hizo mtu hampi mtu?"

"Ndiyo, na ushike hivyo hivyo. Akikupigia mtu kuziomba, hata ajiite mkuu wa kampuni ya barua, kata simu. Hapa tunaziomba sisi wenyewe, kwenye ukurasa wa kweli, na unampigia wewe, sauti unaijua, sanduku ni lenu."

Siku mbili zile hawakukaa bure. Kwenye kompyuta ya Bisibisi, Mama Vifungo alibadilisha yale manenosiri mengine matatu, kila moja likawa refu na tofauti na mwenzake. Aliyaandika kwenye daftari ndogo, akaificha ndani ya mkebe wa vifungo vyeusi.

Halafu Bisibisi aliishughulikia ile kompyuta ya kwenye meza ya kukatia. Alifungua kivinjari, yaani ile programu inayofungulia kurasa za mtandao, akaenda mahali palipoandikwa Viendelezi.

"Hivi ni vitu vya ziada ambavyo mtu huongeza kwenye kivinjari. Hiki ni nini? Michoro Bure."

"Ah, hicho. Kuna mteja alitaka gauni la mikono ya puto. Nikatafuta mchoro. Tovuti ikasema nibonyeze Ongeza, nipate michoro elfu moja bila malipo."

"Soma ulikiruhusu nini."

Mama Vifungo akasoma: "Kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote."

"Ndicho kilichokuwa kikikuchepusha. Ukiandika anwani ya barua, kinakupeleka kwa mwizi. Na hiyo michoro elfu moja uliipata?"

"Mitatu. Mmoja hauna shingo."

Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa.

Bisibisi alikiondoa kiendelezi. Aliangalia ukurasa wa mwanzo wa kivinjari, akaurudisha ulivyokuwa, maana nao ulikuwa umebadilishwa. Alifuta data za zamani za kurasa, akakisasisha kivinjari chenyewe, akaikagua kompyuta nzima kwa programu ya kusaka virusi. Mwisho waliandika anwani ya barua. Haikupepesa.

"Ingeendelea kupepesa, ningeshuku kile kifaa chako cha intaneti," Bisibisi alisema. "Ndiyo maana nilijaribu na simu yangu kwanza kwenye mtandao wako. Ilifungua vizuri, nikajua ubaya uko ndani ya kompyuta."

Aliihifadhi anwani ya kweli kwenye orodha ya alamisho, yaani anwani zilizowekwa alama, juu ya kivinjari, ili Mama Vifungo aibonyeze hapo daima.

Jumamosi, saa nne na dakika tano, Mama Vifungo alipiga simu. Iliita mara tatu.

"Ndiyo," mume alisema.

"Ni mimi."

Nyuma ya mume kulisikika mlango wa gari na watu wakiitana.

"Jumamosi iliyopita nilikaa mbele ya kompyuta saa nzima," mume alisema. Hayo kwake yalikuwa maneno mengi. "Ilikataa. Nilidhani umenifungia."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Tunajua wawili."

Mama Vifungo alifumba macho. Alimwona mumewe kwenye kiti cha ofisi, viatu vya matope, akijaribu nenosiri lilelile tena na tena, halafu akirudi kambini bila kumwambia mtu. Wiki nzima walikuwa wameogopa jambo moja, kila mtu upande wake.

"Ni mwizi," alimwambia. "Usikate simu. Utaletewa ujumbe wenye namba sita. Nisomee."

Bisibisi akabonyeza. Walisubiri. Mama mkwe aliweka mkono begani kwa mkwewe.

"Zimekuja," mume alisema. "Saba."

"Saba."

"Halafu... subiri, jua linanisumbua. Mbili."

"Mbili."

Alizisoma kwa kuchelewa, moja, akivuta pumzi, kisha nyingine. Bisibisi alitazama saa ukutani, akauma mdomo. Namba ya sita iliingia. Ukurasa uliwaomba nenosiri jipya. Mama Vifungo aliliandika, refu, lisilo la jina la mtu wala tarehe. Sanduku likafunguka.

Alikwenda moja kwa moja kwenye rasimu.

Barua ilikuwepo. Aliishusha, aliishusha, mwaka baada ya mwaka, mpaka chini kabisa. Ilikuwepo yote.

"Ipo," alisema kwenye simu.

Walisikia mume alivyovuta pumzi.

Kazi haikuishia hapo. Bisibisi aliviondoa vifaa vyote, simu na kompyuta, vilivyokuwa vimelifungua sanduku. Alifuta namba ya simu ya mtu wasiyemjua. Alikuta mwizi ameagiza kila barua itakayoingia itumwe nakala kwake, akaliondoa agizo hilo. Kisha aliwasha ulinzi wa hatua mbili, ili anayetaka kuingia kwa kifaa kigeni aombwe nenosiri na namba ya simu pia. Kwenye barua zilizotumwa, walikuta mwizi amewaandikia watu kumi na mmoja kwa jina la Mama Vifungo, akiwataka wabonyeze mahali fulani. Mama Vifungo aliwapigia wote, mmoja baada ya mwingine, akawaambia wasibonyeze. Mwenye duka la vitambaa alikuwa ameshabonyeza. Bisibisi alikwenda kwake jioni ileile.

"Na sasa," Bisibisi alisema, "kila mmoja awe na sanduku lake. Mkitumia moja, siku likiibwa hamtajua ni mwizi au ni mwenzako. Mmeshaonja."

Barua ya miaka saba waliichapisha kwenye karatasi. Mama mkwe aliuinua mrundo kwa mikono miwili, akaupima uzito.

"Mwanangu huyuhuyu," alisema, "asiyejua kuitikia hodi."

Wiki moja baadaye Mama Vifungo alipata ujumbe kwenye simu: Sanduku lako limejaa, bonyeza hapa uingie. Alikuwa akipiga pasi. Aliusoma, akaufuta, akaenda kubonyeza ile alamisho yake. Sanduku lake jipya halikuwa limejaa. Lilikuwa na barua moja tu, ya kwanza kutumwa kwake katika maisha yake. Juu yake palikuwa na jina la mtumaji, na jina la mpokeaji, ambaye ni yeye.

Haikuwa Jumapili, lakini mama mkwe alishasikia kompyuta ikifunuliwa, akavuta kiti.

"Soma," alisema.

Mama Vifungo akasoma: "Mke wangu. Zile namba sita nilizisoma polepole, nikajifanya nasumbuliwa na jua. Hapakuwa na jua, nilikuwa kivulini. Nilitaka tu ukae kwenye simu."

Mama mkwe alisogeza kiti karibu zaidi, akasema, "Nisomee tena."

Akamsomea tena. Kisha akavuta kompyuta karibu, akaandika mstari mmoja, akahakikisha jina la mpokeaji, akabonyeza Tuma.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia Jumamosi anipigie. Kama hana la kusema, anyamaze. Ila asikate."